Land Rover ya ujana isile mtaji wa duka

Ukurasa huu umezoea kushughulika na korosho, ufuta na mbaazi. Wiki hii tunaomba nafasi tuzungumzie bidhaa isiyoingia ghalani wala mnadani, lakini ambayo kila fedha za msimu zinapoingia mikononi hupata wateja wake. Bidhaa hiyo ni pikapu kuukuu ya Land Rover 109, iliyolala nyuma ya nyumba ya mtu kwa miaka, na mfanyabiashara aliyeipanda akiwa kijana sasa anataka kuifufua.

Msimamo wetu tunautanguliza ili msomaji asipoteze muda. Kufufua gari la ujana ni matumizi halali kabisa, kama ilivyo kumwoza mtoto au kuwajengea wazazi nyumba kijijini. Hatari inaanza pale mwenye gari anapoyaita matumizi hayo uwekezaji, kisha akayachotea fedha kwenye mtaji unaozunguka.

Kwa nini 109

Vijana wenzangu ambao wamekua na Toyota za kutoka Japani huenda wasielewe mapenzi haya, hivyo tuwatendee haki wazee wetu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Aina ya 109 ilitoka mwaka 1956 na iliendelea kutengenezwa hadi 1985. Namba hiyo ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani karibu sentimeta 277. Huko nyuma kulikuwa na nafasi ya mizigo ya karibu tani moja, na juu ya magunia wakapanda watu.

Kwa mikoa ya Kusini gari hili lilikuwa na maana ya pekee. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko, na mvua zikikolea Mtwara ilikuwa kama kisiwa. Lami ya kipande cha Ndundu hadi Somanga ilichelewa zaidi ya daraja lenyewe. Kwa mantiki hiyo, gari lenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne ndilo lililofikisha dawa zahanati, mwalimu shuleni na mgonjwa hospitali. Kwa sehemu kubwa lilikuwa mali ya idara za Serikali, mashirika ya umma na misheni. Mtu binafsi kulimiliki lilikuwa jambo la kusimuliwa, hasa kabla ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje.

Kijana aliyesimama nyuma ya 109 kutoka Newala kushuka Mtwara, vumbi hadi kwenye kope, leo ana miaka 55 au 60. Ana duka la jumla, ana ekari kadhaa za mikorosho, watoto wamemaliza shule. Akiona gari lile limeegemea mwembe, haoni chuma chakavu. Anajiona yeye mwenyewe. Hilo halina bei, na ndiyo sababu anayemuuzia humpangia bei anayotaka.

Bodi humdanganya mnunuzi

Kwenye pwani yetu kuna jambo moja la kiufundi ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua kabla hajatoa hata shilingi. Bodi ya Land Rover ni ya aina ya alumini, nayo hailiwi na kutu kama bati la kawaida. Chesisi yake ni ya chuma, imeundwa kama boksi, na huoza kuanzia ndani. Gari lililofanya kazi Msimbati, kwenye mchanga unaolambwa na maji ya bahari, au lililobeba chumvi na samaki Mikindani, laweza kuwa na bodi inayopendeza juu ya chesisi iliyobaki kama ganda la yai.

Fundi mzuri hugonga chesisi kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma na kusikiliza mlio. Hugonga zaidi sehemu zinaposhikwa springi, na boriti ya nyuma inayokusanya tope. Mnunuzi asiyeenda na fundi hutazama rangi na milango. Akishalipa ndipo anaambiwa kwamba kuna kuchomelea upya karibu nusu ya gari. Uingereza bado zinatengenezwa chesisi mpya zilizopakwa zinki kwa ajili ya magari haya, lakini kuifikisha moja Mtwara, na ushuru wake, ni hesabu nyingine kabisa.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu, kila msomaji aweke zake. Gari lililolala: Sh. 6,000,000. Chesisi: Sh. 2,500,000. Kufanya injini upya, yaani pistoni, ringi, silinda hedi na gasketi: Sh. 4,000,000. Giaboksi na difu: Sh. 1,800,000. Breki, springi na matairi: Sh. 3,200,000. Umeme, viti, turubai na rangi: Sh. 2,500,000. Jumla ni Sh. 20,000,000.

Wengi huishia hapo. Mhasibu anaongeza mstari mmoja. Tuseme fedha hizo zimetoka dukani, na kule dukani zilikuwa zikizunguka mara nne kwa mwaka kwa faida safi ya asilimia 5 kila mzunguko. Hiyo ni Sh. 4,000,000 kwa mwaka. Gari la namna hii halikai gereji mwezi mmoja. Fundi anasubiri kipuri kutoka Kariakoo, kipuri kinakuja kisicho chenyewe, kinarudishwa zaidi ya kilomita 550, na fundi anapata kazi nyingine wakati huo. Miaka miwili ikipita, duka limekosa Sh. 8,000,000. Bei halisi ya gari sasa ni Sh. 28,000,000, na bado halijabeba hata kilo moja.

Aidha, sheria haina mapenzi na kumbukumbu. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, gari la mizigo la chini ya tani saba lililoingizwa katika vitabu vya biashara huhesabiwa kuchakaa kwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Gari la Sh. 10,000,000 baada ya miaka mitatu husomeka kama Sh. 2,440,000 hivi. Hivyo ndivyo vitabu vinavyoliona gari la kazi, liwe jipya au la mwaka 1972.

"Bei yake inapanda"

Hapa ndipo wenye magari wanapotujibu kwamba Land Rover kuukuu zinapanda bei duniani. Wana hoja, na ni vyema isikilizwe. Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, na wapenzi wa magari ya kale kule wapo wengi. Nairobi wana maonyesho ya Concours d'Elegance tangu mwaka 1970, ambako magari ya zamani hukaguliwa na waamuzi na kupewa alama. Hata hapa nchini, Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwenye tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya msururu wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018.

Lakini soko ni mnunuzi mwenye fedha mkononi, na mnunuzi huyo ana masharti. Anataka injini ile ile iliyotoka kiwandani, namba ya chesisi inayosomeka, na karatasi zinazolingana. Magari mengi ya Kusini yamenusurika kwa sababu mafundi wetu walibuni: injini ya Kijapani hapa, giaboksi ya gari jingine pale, kadi iliyopotea tangu namba za zamani zilipobadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ubunifu huo uliliweka gari barabarani, nao ndio unaoliondoa kwenye orodha ya mnunuzi wa London.

Wana Mtwara hawahitaji kufundishwa tofauti ya bei ya mdomoni na bei ya mkononi. Mwaka 2012 na 2013, habari za gesi zilipopamba moto, watu walijenga nyumba za wageni na kununua viwanja kwa bei ya matarajio. Bomba la gesi kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, na vyumba vingi vilibaki kumsubiri mgeni. Thamani inayosimuliwa kijiweni haiwezi kulipa ada ya shule.

Hatari iko kwenye kalenda

Kwa mkulima na mfanyabiashara wa korosho, tatizo kubwa kuliko bei ni wakati. Fedha huingia kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka. Matumizi ya shamba, yaani palizi, vibarua wa kupulizia na mafuta ya mashine, huja katikati ya mwaka. Aliyezika fedha zake kwenye chesisi mwezi Januari hukosa mafuta ya mashine mwezi Julai. Hapo ndipo kangomba anapobisha hodi na kibakuli chake, akinunua korosho zingali juu ya mti kwa bei anayoipanga yeye. Gari la kumbukumbu limelipwa kwa mavuno ya mwaka ujao.

Msimu wa 2018 ulitupa somo ambalo hatupaswi kulisahau. Novemba mwaka ule Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa Sh. 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima yaliendelea hadi ndani ya 2019. Katika miezi ile ya kusubiri, mwenye akiba ya taslimu alilisha familia yake. Mwenye akiba katika umbo la gari alihitaji mnunuzi, na wanunuzi nao walikuwa wakisubiri malipo. Mwenye vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005, au hisa chache katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, anaweza kuuza sehemu na kubakiza sehemu. Land Rover huwezi kuuza robo yake. Ukiuza mlango umeuza spea.

Gari la kazi au la kumbukumbu?

Wapo watakaosema kwamba gari litafanya kazi na kujilipia. Inawezekana. Lakini injini ya petroli ya 109 hutumia lita moja kwa kilomita 6 hivi. Safari ya Msimbati kwenda na kurudi, kama kilomita 90, ni lita 15 kabla hujanunua barafu ya samaki. Pikipiki ya magurudumu matatu inabeba mzigo mdogo kwa sehemu ndogo ya mafuta hayo. Aliyekuwa akitegemea biashara ya kuvuka Ruvuma kupitia Kilambo anajua pia kwamba tangu vita vya Cabo Delgado vilipoanza mwaka 2017, mpaka si wa kuutegemea kama zamani.

Anayetaka gari la kazi afunge injini ya dizeli inayopatikana vipuri, aripoti mabadiliko hayo TRA ili namba ya injini kwenye kadi ilingane, na asahau mnunuzi wa ng'ambo. Anayetaka la kumbukumbu aache kila kitu kama kilivyotoka kiwandani na asahau mapato. Anayetaka yote mawili kwa pamoja ndiye anayepoteza kote kuwili.

Ushauri wetu

Hatusemi watu wasiyafufue magari haya. Fedha za ufundi hubaki Mtwara, na kijana aliyetoka VETA akijifunza chesisi na giaboksi kwa mzee aliyezifungua kwa miaka 30 amepata elimu ambayo haitapatikana tena wazee hao wakiondoka. Ng'ombe hazeeki maini, na 109 iliyotunzwa bado inapanda mlima wa Makonde. Hali kadhalika, tangu ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta, gari lililosimama halilimbikizi tena deni la ada hiyo.

Tunachoshauri ni utaratibu. Kwanza, gari lilipwe kwa faida iliyokwisha kutolewa dukani kama posho ya mwenye duka, na daftari lake liwe mbali na la biashara. Pili, fedha za shamba za Juni hadi Septemba zitengwe kabla ya kumwita fundi. Tatu, chesisi igongwe kabla ya kulipa. Nne, kazi ifanywe kwa awamu, chesisi na breki kwanza, rangi mwisho, na awamu moja isianze kabla fedha yake yote haijapatikana. Tano, mama wa nyumba ajue jumla yote tangu mwanzo, maana yeye ndiye atakayelipa tofauti kwa jasho lake.

Mfanyabiashara akitimiza hayo, aliendeshe gari lake hadi Msimbati jioni ya Jumapili na wajukuu nyuma, wala asiulizwe limeingiza nini. Amenunua furaha kwa fedha yake, na ameilipa yote. Aliyelifufua kwa mtaji wa duka, kila akiwasha injini, duka ndilo linaloungua mafuta.