Baiskeli za Kivu: mteja anayepita mlangoni mwa mchuuzi wa mpakani

Septemba 2025 Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Yalianza tarehe 21 na kumalizika tarehe 28. Hoteli zilijaa, barabara zilifungwa, na Rwanda ikajitangaza kuwa nchi ya milima na baiskeli. Mashindano ya wiki moja yana faida yake, lakini faida hiyo hubaki zaidi mjini. Kwa mfanyabiashara wa Goma, Rubavu, Bukavu au Rusizi, wa kumwangalia ni mwendesha baiskeli wa aina nyingine: yule asiyeshindana na mtu, anayepita polepole na mizigo miwili nyuma, akiuliza chai inapatikana wapi.

Njia yake inajulikana. Njia ya Kongo-Nile ina urefu wa kilomita 227. Inaanzia Rubavu, ambako nyumba za mwisho za Rwanda zinatazamana na nyumba za kwanza za Goma. Inapita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, kisha inaishia Rusizi, ng'ambo ya mto kutoka Bukavu. Jina lake linatokana na safu ya milima inayogawa maji: mvua inayonyesha upande mmoja huishia mto Kongo, na inayonyesha upande wa pili huishia mto Nile. Kwenye ramani, njia hii inafuatana na mpaka kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini hauvuki hata mara moja.

Hapo ndipo swali la kibiashara linapoanza. Fedha ya mgeni huyu inaishia mikononi mwa nani, na mchuuzi wa mpakani ana nafasi gani ya kuipata?

Mteja anayechoka

Mtalii wa gari hutoka Kigali asubuhi na jioni yuko hotelini Rubavu. Njiani huenda akanunua chupa moja ya maji. Wa baiskeli hana uwezo huo. Ziwa Kivu lenyewe liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya vumbi hupanda bega la mlima, hushuka hadi kwenye ghuba, kisha hupanda tena. Wengi huchukua siku tano hivi kumaliza njia nzima, yaani wastani wa kilomita 45 kwa siku. Kila siku lazima ale mara kadhaa, anywe maji mengi, apate pa kulala na mara nyingine atafute fundi.

Kwa sababu hiyo matumizi yake hutawanyika. Huacha kidogo Kinunu, penye kiwanda cha kuoshea kahawa, kidogo Musasa, kidogo Mugonero, kidogo Kibogora na Shangi. Hivi ni vituo ambavyo basi la watalii halisimami. Anachonunua ni kile kile anachouza mama wa kibandani: ndizi mbivu, mayai, karanga, viazi, chapati, na sambaza wa kukaanga, samaki wadogo waliopandikizwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao leo huuzwa pande zote mbili za ziwa.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mtu mmoja wa baiskeli atatajirisha kijiji. Uzuri wake ni kwamba fedha yake haipitii kwa wakala wa mjini kabla ya kumfikia muuzaji.

Lami na vumbi

Barabara ya lami inayounganisha Rusizi, Karongi na Rubavu imebadilisha hesabu. Kwa mwenye mzigo ni neema: shehena iliyokuwa ikichukua siku nzima kwa barabara ya vumbi au boti sasa hufika kwa saa chache. Kwa mwendesha baiskeli, imezaa njia mbili. Wapo wanaofuata lami, ambao huenda haraka na kusimama kwenye vituo vikubwa. Wapo wanaoshuka kwenye vumbi karibu na ziwa, ambao huenda polepole na kusimama vijijini.

Matokeo yake ni kwamba wateja wamegawanyika. Mwenye duka kando ya lami anauza soda na biskuti kwa mtu mwenye haraka. Mwenye duka kule chini anauza chakula na kitanda, lakini bidhaa humfikia kwa gharama kubwa zaidi, kwa boti au kwa wanyonzi, vijana wa baiskeli za mizigo wanaosukuma magunia kupanda mlima. Mfanyabiashara anayepanga kupeleka mali kwenye njia hii aamue kwanza anamhudumia nani kati ya hao wawili.

Kuna suala la majira pia. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza udongo wa milima hii kuwa utelezi, na wageni hupungua. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mirefu ya ukavu. Anayenunua mali Aprili kwa matumaini ya kuiuza mwezi huo huo amekosea kalenda.

Mpaka unaofungwa mapema

Miisho yote miwili ya njia iko kwenye mipaka yenye watu wengi. Kizuizi Kidogo kati ya Rubavu na Goma ni miongoni mwa vivuko vya waenda kwa miguu vyenye shughuli nyingi zaidi Afrika. Kawaida ingekuwa mgeni alale Goma siku moja kabla ya kuanza safari, au amalizie Bukavu, na fedha yake igawanyike pande mbili. Haijawa hivyo, na sababu zake wachuuzi wanazijua kuliko mtu yeyote.

Mwaka 2022 ulionyesha pengo lililopo kati ya maandishi na hali halisi. Katika miezi ile ile ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa inaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, upande wa Kongo ulipunguza saa za mpaka wa Goma na kufunga saa 9 alasiri, baada ya tukio la risasi mwezi Juni. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na mlango wa Ruhwa, kusini mwa Rusizi, ukafungwa pamoja nayo. Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na wakati wa mapigano hayo risasi na mabomu yalivuka mpaka na kuua watu Rubavu. Februari ikafuata Bukavu.

Mgeni wa Ulaya husoma tahadhari ya serikali yake kabla ya kukata tiketi. Tahadhari hizo hutaja maeneo ya karibu na mpaka wa Kongo, na bima nyingi za safari huzifuata. Kwa hiyo kila mlango unapofungwa, hasara ni mbili: muuza nyanya anakosa soko la siku hiyo, na mwenye kibanda cha Musasa, aliye mbali na mapigano, anapoteza mgeni wa msimu ujao.

Viza moja, nchi tatu

Mwendesha baiskeli wa masafa marefu mara chache huishia nchi moja. Wengi hutoka Uganda, hupita vilima vya Kabale na Ziwa Bunyonyi, huingia Rwanda kwa Katuna au Cyanika, hushuka Kivu, kisha huelekea Tanzania kwa Rusumo. Njia hii hufa mpaka unapofungwa, kama ilivyokuwa Gatuna kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022.

Viza ya Utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014, humruhusu kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90 akiingia na kutoka, kwa dola 100. Tanzania na Burundi hazimo, na Kongo nayo haimo. Akifika Rusumo analipa upya, na akifika Rusizi akaitazama Bukavu ng'ambo ya daraja, anahesabu gharama ya viza nyingine na kugeuza baiskeli. Wanaopanga sera za utalii wa kanda huzungumzia hoteli na hifadhi. Mpaka wa kuvuka kwa miguu na baiskeli hautajwi sana, ingawa hata neno boda boda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa vijana waliobeba watu kwa baiskeli.

Cha kuuza, na cha kutouza

Kwa anayetaka kujaribu, kuna makundi mawili ya bidhaa, na kila moja lina sheria zake.

Kundi la kwanza ni vyakula na vitu vilivyozalishwa ndani ya Jumuiya: asali, karanga, kahawa, matunda makavu, vikapu. Hivi vinaweza kupita chini ya utaratibu wa biashara uliorahisishwa, ikiwa vimo kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani ya shehena haizidi dola 2,000. Dai cheti rahisi cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani.

Kundi la pili ni vipuri. Hapa wengi huingia hasara kwa kutojua vipimo. Tairi ya baiskeli zetu za kawaida, iliyoandikwa 28 × 1½, hukaa kwenye rimu ya milimita 635. Baiskeli nyingi za watalii zina rimu ya milimita 622, hata kama tairi yake imeandikwa 28 au 29. Tofauti ni milimita 13, na inatosha kuifanya tairi ikatae kabisa. Mpira wa ndani hunyooka na unaweza kumsaidia mtu afike mjini, lakini angalia tundu la vali: rimu nyingi za wageni zina tundu jembamba la milimita 6.5, na vali zetu nene haziingii. Anayeweka dukani mipira michache yenye vali nyembamba, viraka, gundi na nyaya za breki ana mali ambayo mgeni aliyekwama hatabishania bei sana. Ila vipuri hivi hutoka Asia. Cheti cha uasili wa Jumuiya havistahili, na lazima vilipiwe ushuru wa kawaida.

Usiweke mtaji wote huko. Mgeni wa baiskeli awe mteja wa ziada kwenye duka ambalo tayari linaishi kwa wateja wa kijijini. Na vyama vya wachuuzi wa mpakani, vinapokaa na maofisa kudai saa za mpaka zinazojulikana na zisizobadilishwa kwa tangazo la ghafla, viongeze hoja hii mezani: mlango ukifungwa saa 9 alasiri, anayerudi nyuma si muuza nyanya peke yake.