Kutangaza na Kungoja

Wanachuo wengi hudhani kwamba programu ya kompyuta ni kama maelekezo ya upishi: hatua ya kwanza, ya pili, hata mwisho. Dhana hiyo hatuikatai, ila twaona haitoshi. Programu nyingi za leo zimejengwa juu ya matukio. Sehemu moja hutangaza kwamba jambo fulani limetokea, basi; haijui ni wangapi wanaosikiliza, wala haingoji majibu yao. Kengele ya shule hufanya vivyo hivyo. Mwenye zamu huigonga mara moja tu. Mpishi hupakua uji, darasa la tatu hutoka, mwalimu wa hesabu hufuta ubao. Akiongezeka mwalimu mpya, mgonga kengele habadili chochote.

Faida ipo hapo, na hatari ipo hapo hapo. Mtoto asiporudi darasani, kengele haina habari. Programu ya namna hii ikiharibika, mtafuta kosa hana budi kulifuata tangazo hadi kwa kila aliyelisikia.

Kwa shule za msingi chombo chepesi kipo: Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Media Lab ya chuo cha MIT, Marekani. Humo mtoto huunganisha vipande vya amri, navyo huanza kazi kwa tukio: bendera ya kijani ikibofywa, au ujumbe ukipokewa. Tena vimo vipande viwili vya kutangaza ujumbe. Kimoja hutangaza na kuendelea. Cha pili hutangaza na kungoja mpaka wasikilizaji wote wamalize. Kwa maoni yetu vipande hivyo viwili vyatosha somo zima. Paka na atangaze kuwa mvua imenyesha, chura aimbe na ua lichanue: hapana sababu ya kungoja. Kisha ije hesabu ya alama, ambapo jumla hutangulia na wastani hufuata. Hapo atangazaye bila kungoja atasoma wastani ambao haujapatikana. Mwache mtoto akosee, auone mwenyewe.

Wapo wanaotaka kila programu ijengwe kwa matukio, kwa kuwa ndio mtindo wa makampuni makubwa. Hatukubaliani nao. LinkedIn ilipoitoa Kafka hadharani mwaka 2011, chombo cha kupitishia na kuhifadhi matukio, habari zake zilikuwa zikihitajiwa na mifumo mingi kwa pamoja. Shule yenye daftari moja la mahudhurio na msomaji mmoja haina haja hiyo. Amri za mfululizo zitaitosha, na mwalimu ataweza kuzisoma toka juu hadi chini.