POSHO YA MWANAFUNZI NA MKATABA USIOKUWAPO



Sheria ya kodi ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 1986, husamehe ruzuku ya masomo inayolipia karo na vitabu. Ile ya chakula na pango haisamehewi. Mwanafunzi wa uzamili au uzamifu kutoka Kenya, hata kama ruzuku hiyo si ujira wa kazi, kwa kawaida hukatwa asilimia 14 kabla fedha hazijamfikia.

Mwenzake Mchina huepushwa, wala si kwa huruma: serikali yake ilitia sahihi mkataba. Yetu haina.

Wabunge wetu walijua sana kuyakinga marupurupu yao, mpaka Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010 kilipowabana. Twawadai ujuzi uo huo leo, kwa ajili ya mtoto wa mkulima.