CHUJIO SI PAMBO LA NYUMBA

Ndugu wanaushirika,

Yako mazungumzo kwamba ushirika ununue machujio ya mchanga, kila kaya ipate lake. Sipingi. Lakini kununua ni kazi ya siku moja, kutunza ni kazi ya kila siku. Tukikosa watunzaji tutakuwa tumenunua mapipa ya kuwekea mahindi.

Chujio lenyewe si ajabu. Ni pipa lenye kokoto chini, changarawe juu yake, halafu mchanga uliochekechwa na kuoshwa. Bomba la kutolea maji huanzia chini na kupanda, ili maji yabaki juu ya mchanga kama sentimita 5. Hapo, kwa wiki 2 au 3, huota utando wa vijidudu vyema vinavyokula vile vibaya. Basi chujio ni kama ndama: lisiponyweshwa kila siku hufa.

Maji ya lambo yenye tope yaachwe kwanza yatuame. Klorini isitiwe ndani ya pipa, itaua utando. Itiwe kwenye maji yaliyokwisha chujwa, au yachemshwe. Chombo cha kupokelea kiwe safi, chenye kifuniko. Maji yakianza kutoka kidogo kidogo, koroga mchanga wa juu tu, uteke ile takataka. Usifumue pipa zima.

Wala tusidanganyane: mchanga hauondoi floraidi, na kuchemsha hakuiondoi. Madini hayo yamo katika maji ya sehemu nyingi za mkoa wetu wa Arusha. Yakizidi, meno ya watoto huwa ya kahawia na mifupa hupinda. Kule Ngurdoto, Arumeru, wataalamu waliipunguza kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa hiyo kabla ya kununua, kamati iwaombe RUWASA wapime maji yetu.

Tena, mama ateke maji mbali, halafu na chujio aachiwe peke yake? Hapana. Wazee na vijana nao wachekeche mchanga.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikwenda kwa vikundi: watu walisikiliza redio pamoja, kisha wakachimba vyoo. Nasi tuanze hivyo. Kila kaya 10 zipewe chujio moja la kujifunzia kwa miezi 3. Kikundi kitakacholitunza kipewe mengine, kitakachoshindwa kingoje.

Naomba mkutano mkuu ulijadili.

Ni mimi, mwanaushirika mwenzenu.