Teremsheni Magari, Lakini Msituvunje Migongo

Mtu akisimama kando ya Thika Road jioni ya Jumamosi hakosi kuyaona magari ya Subaru Impreza yakipita kwa kishindo, matumbo yakikaribia kulamba lami. Wazee wenzangu husema huo ni wazimu wa ujana. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Gari la mbio likiteremshwa kiasi hupendeza macho, na tena hushika barabara vyema kwenye kona, kwani uzito wake huwa karibu zaidi na ardhi. Ugomvi wangu na vijana ni juu ya jinsi wanavyoliteremsha.

Njia ipendwayo ni ya mkato. Gari hupelekwa kwa fundi, springi zikang'olewa, zikakatwa pingili moja au mbili kwa msumeno, zikarudishwa. Ni kazi ya asubuhi moja, na pesa si nyingi. Lakini springi iliyokatwa huwa ngumu kuliko ilivyokuwa, maana pingili za kubonyea zimepungua. Mwisho wake haukai sawasawa mahali ulipotengenezewa kukaa, na gari likirushwa na tuta springi yaweza kuhama kabisa. Hapo hatuzungumzii starehe tena, bali roho za watu.

Isitoshe, shokabzoba huachwa zile zile za zamani, ambazo zilitengenezewa springi ndefu. Kila shokabzoba ina nafasi yake ya kupanda na kushuka, na juu kuna mpira wa kuzuia chuma kisigonge chuma. Gari likiteremshwa sentimita 6, nafasi hiyo huwa imeliwa kabla gari halijatoka gereji, na mpira ule huguswa kwa kila shimo. Abiria hulalamika kwamba springi ni ngumu, kumbe wanabebwa na mpira!

Mpwa wangu mmoja analo gari la namna hiyo. Mwaka jana alitubeba mimi na mama yangu mzazi, ambaye ni nyanya yake, twende harusini Murang'a. Hatujavuka tuta la tano la mtaa wake, mama akasema, "Mjukuu wangu, simamisha nishuke. Afadhali nipande matatu." Kijana akacheka, akidhani ni mzaha. Mama akapanda matatu kweli, na akafika kabla yetu, maana sisi kila tuta tulilivuka upande upande kama kaa.

Hebu tukumbuke jambo moja. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa gari hilo hilo la Subaru. Vijana wengi walilipenda gari hili kwa sababu ya ushindi huo. Je, wale wahandisi walipolileta huku walilishusha? La hasha! Walilipandisha.

Basi anayetaka kuteremsha na ateremshe sentimita 2 au 3, si zaidi, kwani Impreza ya kawaida huwa na takriban sentimita 15 tu kutoka tumboni hadi ardhini. Anunue springi na shokabzoba zilizotengenezwa ziende pamoja. Springi huandikwa ugumu wake: ya 8 yataka kilo 8 ili ibonyee milimita 1, ya 4 yataka nusu ya hizo. Muuzaji atamsifia ile ya 8, kwamba ndiyo ya mashindano. Amwachie. Ya mashindano ni ya uwanja laini, wala haijui matuta ambayo wakazi wetu hujijengea wenyewe usiku kwa mawe na udongo.

Akiwa na uwezo, achukue koilova, yaani seti ambayo springi na shokabzoba ni kitu kimoja, ila achague ile ambayo kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha shina la chini. Hiyo huteremsha gari bila kuila ile nafasi ya kupanda na kushuka. Akienda kutafuta zilizotumika Kirinyaga Road, aipanguse shokabzoba kwa kitambaa; ikiwa na mafuta yanayovuja, aiache hapo hapo. Kisha asisahau kupima upya magurudumu, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja.

Najua nitaambiwa kwamba seti kamili ni ghali. Ni ghali, sikatai. Lakini kijana aliyekwisha nunua rimu za inchi 18, tairi nyembamba kama chapati, na redio ya kutikisa madirisha ya jirani, asiniambie mimi kwamba pesa zilimwishia kwenye springi.