Wosia wa Mama Si Fimbo ya Mume

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Katika fasihi ya Kiswahili, wosia wa ndoa ulio mashuhuri mno ni ule wa Mwana Kupona binti Msham kwa binti yake, Mwana Hashima, uliotungwa mwaka 1858. Bibi huyu, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siu, aliutunga akiwa mgonjwa. Humo alimfunza binti yake kumhudumia mume, kutotoka bila ya idhini yake na kutafuta radhi zake.

Wapo waume walioufanya utendi huo kuwa hati ya kumiliki mtu. Wakiulizwa juu ya matumizi ya nyumbani, hujibu kwa kudai utii. Sisi tunasema, huko ni kusoma nusu.

Kwanza, wosia ni wa mama kwa mwanawe; hakukabidhiwa mume aufanye fimbo. Pili, Mwana Kupona alitaja radhi tano: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, kisha ya mume. Aliyewekwa wa tano hana mamlaka ya kuamrisha alilolikataza wa kwanza. Tatu, alisimulia kuwa yeye na mumewe waliishi bila ya ugomvi. Amani kama hiyo haijengwi na mtu mmoja.

Ama Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nisaa aya ya 34, imeufungamanisha usimamizi wa mume na mali anayoitoa. Na katika aya ya 19 imewaamrisha waume wakae na wake zao kwa wema. Basi mwenye kuzuia posho kwa ubahili, anadai cheo ilhali ameitupa kazi yake. Naye Bibi Aisha (R.A.), katika Hadithi aliyoipokea Bukhari, alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia ahali zake, na ukifika wakati wa Swala hutoka kwenda kuswali.

Hatusemi utendi uwekwe kando. Tunawausia wazazi: siku mnayomsomea binti wosia wa Mwana Kupona, msomeeni na mkwe wenu aya hizo mbili, naye aelezwe maana yake mbele ya mashahidi wa ndoa.

Wabillahi tawfiq.