Aliwafunza, wakaenda

Ninyi vijana munaoshika gita, jina la Eric Clapton pengine munalijua. Je, na John Mayall mulimusikia? Wengi watasema hapana. Ketini kidogo.

Mayall alizaliwa mwaka 1933 huko Macclesfield, Uingereza. Baba yake alikuwa na diski nyingi, na kwa njia ile mutoto akapenda muziki wa Weusi wa Marekani, hasa bluzi. Alienda jeshini mpaka Korea, akarudi, akafanya kazi ya kuchora. Mwaka 1963, akiwa na miaka karibu 30, akahamia London na kuunda orkestra, Bluesbreakers.

Clapton aliingia mwaka 1965, kijana wa miaka 20. Mayall akamupa chumba nyumbani kwake na kumufungulia diski zake zote asikilize, ajifunze. Miezi michache tu, huyu Clapton akaondoka na rafiki zake kwenda Ugiriki! Mayall akabaki kutafuta wapiga gita huku na huku. Mimi, niseme ukweli, ningefunga mulango. Lakini Clapton aliporudi, alimurudishia nafasi yake. Diski waliyotoa mwaka 1966 ikafika nafasi ya 6 Uingereza, na wapiga gita wengi walijifunza kwayo. Na Clapton? Alikuwa amekwisha kwenda kuanzisha Cream.

Basi Mayall akamwita Peter Green, yule aliyeshika gita kwa siku chache Clapton alipokuwa mbali, kisha akaondolewa juu yake. Mwaka 1967 Green naye akatoka, akaanzisha Fleetwood Mac. Wenzake Mick Fleetwood na John McVie walipitia pia kwa Mayall. Halafu akaja Mick Taylor, miaka 18. Mwaka 1969 Rolling Stones wakamuchukua.

Munaona? Hawa wakajaza viwanja vya mupira, na mwalimu wao akaendelea kupiga katika vyumba vidogo. Kila mara alianza upya. Hata mwaka 1979, moto ulipoteketeza nyumba yake Los Angeles pamoja na vitu vyake vingi, alianza upya.

Alikufa California tarehe 22 Julai 2024, miaka 90. Lakini mimi napenda kuwaza ile siku ya mwaka 2003, Liverpool, walipofurahia miaka yake 70. Clapton alikuja, Mick Taylor pia, wakapanda jukwaani wakapiga naye tena.